Maneno Matatu Si Anwani

Katika semina moja ya muhula uliopita mwenzetu alisimama mbele ya darasa akatuonyesha jambo aliloliita ushindi wa Kiswahili nchini Uganda. Alifungua programu ya what3words kwenye simu yake, akabadilisha lugha kuwa Kiswahili, akagusa paa la jengo tulimokuwa, na kwenye kioo yakatokea maneno matatu ya Kiswahili yaliyotenganishwa kwa nukta. "Hapa ndipo tulipo," alisema, "na hakuna mahali pengine duniani penye maneno haya." Darasa likapiga makofi. Mimi sikupiga, na kwa kuwa muda uliisha kabla sijapewa nafasi ya kusema, nasema hapa.

Kwa asiyeufahamu mfumo huu, maelezo yake ni mafupi. Kampuni ya what3words ilianzishwa London mwaka 2013. Mmoja wa waanzilishi wake, Chris Sheldrick, alikuwa mratibu wa maonyesho ya muziki, na alichoshwa na wanamuziki na vyombo vyao kupotea njia. Basi kampuni ikaugawa uso wote wa dunia katika miraba ya mita 3 kwa mita 3, jumla yake kama trilioni 57, na kila mraba ukapewa maneno matatu yake. Kwa Kiingereza hutumika orodha ya maneno kama 40,000, na kwa lugha nyingine kama 25,000. Kiswahili kimo. Unamtajia mtu maneno matatu, anayaandika kwenye simu yake, na ramani inamwonyesha mraba uliosimama.

Sibishi kwamba tatizo ambalo mfumo huu unajaribu kulitatua lipo. Lipo, na Kampala ni shahidi mzuri. Barua ya Chuo Kikuu cha Makerere huandikwa S.L.P. 7062. Sanduku hilo hutuambia barua inalala wapi, halituambii mtu analala wapi. Wengi wetu tulipojaza fomu za kuingia chuoni tuliandika sanduku la shule tuliyotoka, au la parokia, au la mwajiri wa mjomba. Ukitaka mgeni afike kwako unampa maelezo ya aina hii: shuka Kalerwe, pita soko, ukiona wachoma nyama kata kushoto, nenda mpaka geti jeusi, ukifika hapo nipigie. Hilo "nipigie" ndilo anwani yenyewe. Mengine yote ni ya kumsogeza mgeni karibu ili simu yake iwe na maana.

Ninakiri pia kwamba mfumo wa maneno matatu umewafaa watu wengine. Posta ya Mongolia iliupokea mwaka 2016, na katika nchi yenye wafugaji wanaohamahama sioni la kuwacheka. Huko KwaNdengezi, karibu na Durban, ulitumiwa kuwapatia wajawazito njia ya kuieleza gari la wagonjwa nyumba walimo. Mtu akiniambia kwamba mama mmoja aliwahi kujifungua salama kwa sababu ya maneno matatu, sitabishana naye. Ugomvi wangu ni na wale wanaotaka tuuchukue mfumo huu uwe anwani ya Kampala, na zaidi ya hapo, wanaotaka sisi wanafunzi wa Kiswahili tuushangilie.

Nianze na usiku mmoja wa Bwaise, kwa sababu ndio ulionifanya nilifikirie jambo hili kabla hata ya semina ile. Mwenzetu anayepanga chumba huko alibanwa na pumu majira ya saa saba za usiku, katika msimu wa mvua. Aliyekuwa naye alipiga simu kwa dereva wa gari la kukodi na kumtumia lokesheni. Pini ilikuwa sahihi kabisa. Nasisitiza hilo ili nisieleweke vibaya: simu haikukosea hata kidogo. Dereva aliifuata akafika mahali ambapo ramani ilimwambia kwamba zimebaki mita 40. Alipozima injini aliiona taa ya chumba. Lakini kati yake na taa ulikuwepo mtaro wa Lubigi, na maji yalikuwa yamejaa hadi ukingoni.

Daraja la miguu lilikuwepo, lakini si hapo. Aliyewaokoa ni mama mwenye duka aliyefungua dirisha baada ya kusikia kelele. "Ssebo, achana na simu," alimwambia dereva. "Rudi hadi stegi ya boda, mwulize kijana yeyote kwa Jjajja wa mkaa, atakuleta." Dereva alirudi. Kijana mmoja wa boda akaja mbele yake, akaacha pikipiki, akavuka daraja la mbao kwa miguu, akambeba mgonjwa mgongoni hadi kwenye gari. Mwenzetu yu hai na anasoma nasi. Ila hesabu niliyobaki nayo ni hii: mahali palijulikana kwa usahihi wa mita chache tangu simu ya kwanza, na bado ilipotea nusu saa. Kilichokosekana ni njia, na njia ilikuwa kwenye kichwa cha mama mwenye duka.

Mraba wa mita 3 kwa mita 3 ungesaidia nini pale? Usingesaidia chochote. Ungemleta dereva kwenye ukingo uleule wa mtaro, kwa fahari zaidi. Wanaousifu usahihi husahau kwamba jiji letu halikosi nukta. Kampala imejaa vichochoro visivyopitika kwa gari, kuta zilizojengwa mwaka jana, mitaro, na mageti yanayofungwa saa nne usiku. Anwani nzuri ni ile inayobeba ndani yake angalau sehemu ya njia. "Nyuma ya msikiti wa Kibuli" inakuambia upande wa kuingilia. Nambari 14 kwenye barabara yenye jina inakuambia kwamba 12 ni jirani yake na kwamba ukiona 30 umepita. Maneno matatu hayakuambii hata hilo. Kwa makusudi kabisa, miraba miwili inayogusana hupewa maneno yasiyohusiana kwa lolote. Ukiwa mlangoni kwangu na mimi nikiwa dirishani, maneno yako na yangu hayana ishara hata moja kwamba tunaonana.

Halafu kuna suala la usahihi wenyewe. Simu janja ya kawaida, ikiwa mahali pa wazi chini ya anga, hukisia ilipo kwa kukosea kama mita 5. Ukiingia chini ya mabati ya Katanga, pale bondeni kati ya Makerere na Mulago, ambapo vyumba vimebanana na mlango wa jirani uko hatua mbili kutoka wako, kosa hilo huongezeka. Sasa chombo kinachokosea mita 5 kinawezaje kukuchagulia mraba wa mita 3? Kinachagua, lakini kwa kubahatisha, kisha bahati hiyo inapewa maneno matatu yanayosikika kama hakika. Ni mizani ya sonara iliyoshikwa na mkono unaotetemeka. Na ukienda katikati ya jiji, Kikuubo na mitaa inayoizunguka, utakuta majengo ya biashara yenye ghorofa kadhaa, kila ghorofa ikiwa na maduka yasiyozidi ukubwa wa kabati. Mraba mmoja wa ramani hapo unabeba muuza viatu chini, fundi simu juu yake, msusi juu ya fundi simu, na stoo ya vitenge juu ya wote. Ramani ni karatasi bapa. Biashara ya Kampala inapanda ngazi.

Sasa nije kwenye Kiswahili, kwa sababu hapo ndipo wenzangu walipopiga makofi.

Hoja yao ni kwamba kila mahali duniani sasa pana jina la Kiswahili, na kwamba mwendesha boda wa Ntinda akilazimika kuyatamka maneno hayo, atajifunza Kiswahili. Walimu wetu wanajua jinsi Kiswahili kinavyotafuta nafasi nchini humu. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 ni lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kifundishwe kwa lazima shuleni. Bado ukisimama Wandegeya ukamsalimia mtu kwa Kiswahili, huenda akakujibu kwa Kiingereza, au akakutazama kama askari uliyepotea kambini. Kwa hiyo naelewa njaa ya wenzangu. Mwenye njaa hata hivyo asile kila anachopewa.

Tuangalie matamshi kwanza. Sisi tuliofanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Kampala tunaijua kesi ya /l/ na /r/. Katika Luganda sauti hizi mbili hazitofautishi maana: baada ya /e/ na /i/ hutokea r, kwingineko hutokea l. Mzungumzaji wa Luganda anapokuja kwenye Kiswahili huja na kanuni hiyo. "Kilima" chake ni "kirima". "Karamu" yake ni "kalamu". Mahari anailipa mahali, na siku ya uchaguzi anakwenda kupiga kula. Hakuna aibu katika hilo. Kila lugha ya kwanza huacha alama yake katika ya pili, na darasani tunacheka na kusahihishana. Lakini hebu mfikirie mtu anayeyataja maneno matatu kwa simu usiku, akihema, kwa mtu wa upande wa pili ambaye lugha yake ya kwanza ni Luganda, au Lusoga, au Kiswahili cha Kongo kama wanavyokizungumza wakimbizi wa Katwe na Nsambya. Kampuni husema kwamba katika kuandaa orodha zake huyaondoa maneno yanayofanana kimatamshi. Naomba kuuliza: yanafanana katika sikio la nani? Jozi ambayo kwa msikilizaji wa Unguja iko mbali kama mbingu na ardhi, kwa msikilizaji wa Kawempe ni neno moja.

Na /l/ na /r/ ni mwanzo tu. Kiswahili ni lugha ya viambishi. Kitu na vitu, anapita na amepita, mpishi na wapishi: herufi moja au mbili mwanzoni mwa neno hubadilisha umoja, wakati na mtenda. Katika sentensi haya hayatusumbui, kwa sababu upatanisho wa kisarufi unalinda maana. Nikisema "vitu vimeanguka", hata kama simu imekata silabi ya kwanza, "vimeanguka" inakuambia kwamba ni vingi. Upatanisho ndio uti wa mgongo wa lugha yetu. Ndio unaomwezesha Mganda, Mkongo na Mmombasa kuelewana juu ya makosa yao yote. Maneno matatu yaliyopangwa bila sentensi yameondolewa ulinzi huo. Hayana kiima, hayana kiarifu, hayana muktadha. Ni Kiswahili kilichovuliwa sarufi. Wenye mfumo wanatutaka tuyasikie maneno bila kutegemea kitu kile ambacho husaidia maneno kusikika.

Haya si maneno ya kinadharia. Hata kwa Kiingereza, lugha ambayo kampuni iliianzia, na kwa watu wanaoizungumza tangu utotoni, mambo huharibika. Mwaka 2021 waokoaji wa milimani wa England na Wales walitaja sehemu 45 walizokuwa wametumiwa kwa maneno matatu zikiwa na makosa ndani ya miezi 12. Baadhi ziliangukia Vietnam na China. Watafiti wa usalama wa kompyuta nao walionyesha kwamba anwani zinazofanana sana, kwa mfano zinazotofautiana kwa herufi moja ya wingi, zinaweza kuwa karibu kiasi cha kumdanganya mwokoaji asijue kwamba amekosea. Kosa la kupelekwa China ni la kuchekesha, maana hugundulika mara moja. Kosa la kupelekwa bonde la pili ndilo linaloua.

Jambo jingine ambalo halikusemwa katika semina yetu: maneno ya Kiswahili ya mraba si tafsiri ya maneno yake ya Kiingereza, wala hayahusiani na mahali. Mraba uleule una maneno matatu huku na matatu mengine kule, yote yamepangwa na kanuni ya kompyuta. Neno likitumiwa hivyo limebaki sauti, kama herufi kwenye pleti ya gari. Hakuna anayejifunza Kiswahili kwa kusoma pleti. Wandegeya ilipata jina lake kutokana na ndege, endegeya, wale wanaofuma viota. Kisenyi ni Luganda cha mahali pa kinamasi, na kila mvua kubwa inaponyesha wakazi hukumbushwa kwamba aliyepaita hivyo hakuwa anatania. Kabalagala ni jina la chapati tamu ya ndizi, na sijapata mtu wa kunieleza vizuri imekuwaje, lakini hakuna aliyewahi kulisahau. Ukienda Mji Mkongwe wa Unguja utakuta Mkunazini, Sokomuhogo, Kajificheni. Haya ndiyo majina. Mtu aliyasema kwa sababu aliona mkunazi, soko, maficho. Mtoto akiuliza kwa nini tunapaita hivi, kuna jibu, au angalau kuna hadithi. Muulize mtoto wa maneno matatu kwa nini mlango wao unaitwa hivyo.

Tena majina ya watu hugombaniwa, na huo ni uhai wake. Februari 2025 Mahakama Kuu iliamuru majina ya kikoloni yaondolewe katika barabara na bustani za Kampala. Watu walikuwa wamelipigania jambo hilo kwa miaka. Unaweza kukubali au kukataa uamuzi ule. Nimesikia wahadhiri wawili wakibishana juu yake kwenye ngazi mpaka vipindi vikachelewa. Lakini angalau kulikuwa na mahali pa kulalamika: kuna mamlaka, kuna mahakama, kuna kibao kinachoweza kung'olewa. Ukiyachukia maneno matatu ya mlango wako, utamshtaki nani? Hayabadiliki. Yamepangwa London, na yamefungwa.

Nimesema yamefungwa kwa maana ya kisheria pia. Mfumo huu ni mali ya kampuni. Mtu binafsi huutumia bure, wafanyabiashara hulipa, na kanuni inayogeuza mahali kuwa maneno si ya kila mtu kuichukua na kuitumia apendavyo. Mwaka 2021 mtafiti mmoja wa Marekani alijitolea kuwapatia wenzake nakala za programu huria iliyoiga mfumo huo, wakapata kuuchunguza. Alipokea barua ya mawakili wa kampuni. Naomba tulitafakari hili kwa lugha ya kwetu. Mama wa Bwaise akinielekeza kwa Jjajja wa mkaa, hanidai chochote, na mimi nikimwelekeza mwingine, simwibii. Jina la mahali ni la wote kwa namna ileile ambayo salamu ni ya wote. Sasa tunaambiwa tulichukue jina ambalo mwenyewe yuko mbali, na ambaye kesho akifilisika, au akibadilisha masharti, sisi tunabaki na vibao vyenye maneno matatu yasiyoelekeza popote.

Wapo watakaoniambia: basi tungoje serikali? Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA, ilianza kazi ya kuzipa barabara majina na nyumba nambari kupitia mradi wa KIIDP uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, sambamba na kazi ya kuthamini majengo kwa ajili ya kodi. Siwezi kuutetea mpango huo wote. Ukiweka kibao na bili ya kodi katika mkono mmoja, usishangae mwenye nyumba akikitazama kibao kama jicho la mtoza ushuru. Na vibao vinakuwa haba kadiri unavyoteremka kutoka vilimani kuelekea mabondeni, kule hasa ambako gari la wagonjwa hupotea. Lakini kibao cha KCCA kina fadhila moja ambayo simu haina: kinasomeka na mtu asiye na simu, asiye na bando, usiku ambao umeme umekatika, kwa tochi. Bibi asiyejua programu hata moja anaweza kumtuma mjukuu akasome nambari ya mlangoni.

Na kama ni ushindi wa Kiswahili tunaoutafuta, tutazame kusini. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, Tanzania iliendesha operesheni ya anwani za makazi nchi nzima. Vijana waliajiriwa kuzunguka mitaani. Barabara na vichochoro vikapewa majina, nyumba zikapewa nambari, na taarifa zikaingizwa katika mfumo wa kidijitali uitwao NaPA, juu ya postikodi za tarakimu 5 zilizogawa nchi kikanda, Dar es Salaam zikianza na 1 na Zanzibar na 7. Kazi ile ilikuwa na kasoro zake. Majina mengine yalitolewa kwa haraka na vibao vingine vimeshabanduka. Lakini hebu sikia msamiati wake: anwani ya makazi, postikodi, kibao, kitongoji, mtaa. Hapo Kiswahili kinaendesha jambo lenyewe. Mjumbe wa mtaa anabishana kwa Kiswahili na afisa mtendaji juu ya jina la kichochoro. Sisi tumefurahia maneno ya Kiswahili yaliyotupwa ovyo juu ya paa la darasa.

Kwa wale wanaosema kwamba hawawezi kungoja na wanahitaji msimbo leo, kuna Plus Codes. Mfumo huo ulibuniwa na wahandisi wa Google huko Zürich na kutolewa mwaka 2014 kama chanzo huria. Najua Google si shangazi yetu. Lakini kanuni yake iko wazi, leseni yake inaruhusu yeyote kuitumia, na Google ikifa leo mwanafunzi wa hisabati anaweza kuupiga msimbo kwa kalamu akiwa na latitudo na longitudo. Msimbo kamili wa tarakimu na herufi 10 hutoa eneo la kama mita 14 kwa 14 hapa karibu na ikweta, jambo ambalo ni uaminifu zaidi kwa simu zetu, na ukiongeza alama moja unafika karibu na ule mraba wa mita 3. Zaidi ya yote, una mpangilio. Kampala yote imo ndani ya 6GGJ. Jinja huanza na 6GGM, na katika orodha ya alama za mfumo huu M hufuata J moja kwa moja. Kwa hiyo mtu aliyeuzoea anajua, bila kufungua ramani, kwamba Jinja iko mashariki mwetu, katika kisanduku kinachopakana na chetu. Majirani wanafanana. Ukikosea alama ya mwisho unabaki karibu, hujafika Vietnam.

Una ubaya wake pia. Q na X, ambazo hazimo katika abjadi ya Kiswahili, zimo; C, ambayo kwetu haisimami bila h, imo. Irabu hazimo kabisa, ziliachwa kusudi ili msimbo usije ukaunda neno. Mwenzangu wa semina ataniambia kwamba huu si Kiswahili. Ni kweli. Ni namba, na haudai kuwa kitu kingine. Namba ya simu yangu si Kiswahili na haijaniudhi. Nina heshima zaidi kwa namba inayojiita namba kuliko kwa namba iliyovaa kanzu ya lugha yangu.

Kwa hiyo walimu wangu, na wenzangu mliopiga makofi, pendekezo langu ni la kazi. Dar es Salaam walishatuonyesha jinsi inavyofanyika. Tandale ilichorwa na wanafunzi na wakazi mwaka 2011, na kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwachukua wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi wakaingia kata zinazofurika, wakachora mitaro, madaraja, vichochoro na visima katika OpenStreetMap, ramani ambayo ni ya kila mtu. Wale walikuwa zaidi wanafunzi wa mipango miji na jiografia. Sisi tuna kitu ambacho wao hawakukibeba: tumefundishwa kusikiliza majina. Tunajua kuuliza, kunukuu tahajia, kutofautisha jina la wenyeji na jina la kwenye kibao, kuandika maana pamoja na hadithi. Kozi yetu ya utafiti nyanjani ina wiki ambazo kila mwaka tunazimaliza kwa kukusanya methali ambazo zimeshakusanywa. Tuzipeleke Bwaise na Katanga. Kila kikundi kichukue stegi moja ya boda, kiandike jina lake, kichochoro kinachotoka hapo kinaitwaje kwa Luganda na kwa Kiswahili cha wanaokitumia, ngazi ziko wapi, mtaro unavukwa wapi, na geti gani hufungwa saa ngapi.

Wiki iliyopita nilirudi pale Lubigi mchana. Mama mwenye duka alinikumbuka, akaniuzia maji, akaniuliza hali ya mgonjwa. Nilimuuliza daraja lile la mbao linaitwaje, akanijibu bila kufikiri, kisha akaniambia lilijengwa na nani na mbao zilitoka wapi. Niliandika. Nilipofungua ramani kwenye simu kutafuta daraja lenyewe, palikuwa na mstari wa buluu wa maji, na pande zote mbili paa za nyumba, na hakuna kinachovuka.